Paka wa Misuli

Siku tatu tulipandisha mawe
darini kwa Mwana Somoe, mtaa wa Mkomani,
mimi na Heidrun, fundi chokaa wa Kijerumani.
Ya nne akakwama kwenye ngazi,
mkono ukutani, mkono pajani,
akaguta: *Muskelkater!*

Nini?

Paka dume wa misuli.

Mwana Somoe aliacha kukuna nazi,
akamtazama paka wa jikoni, mbavu nje:
“Huyu?”

Heidrun akacheka, na kucheka kukamuuma.
Si paka, alisema. Wanafunzi wa kwao, zamani,
wakiamka vichwa vizito kwa ulevi wa jana,
walisingizia mafua. *Katarrh*, neno la daktari.
Ulimi wa mtaani ukalikata mkia,
likabaki *Kater*,
likaota manyoya na masharubu.
Kisha siku moja likashuka kichwani
likaingia miguuni mwa wasioonja hata tone.

“Kumbe ni mafua yaliyovaa ngozi ya paka.”

Na msuli wenyewe, akaongeza,
kwa Kilatini cha kale ni kipanya.

“Basi ana haki. Amefuata chakula chake.”
Mwana Somoe akatikisa kichwa:
Wazungu na wanyama wao!

Nikamuuliza, Mwana,
na hicho ulichokikalia chaitwaje?

Akatazama chini, meno ya chuma, machicha.
“Mbuzi,” akasema,
akarudi kukuna, polepole.

Usiku nimelala chali.
Mimi nilizoea kusema tu, mwili waniuma yeo.
Sasa namsikia anajinyoosha
ndani ya shavu la mguu,
mgeni asiye na pasipoti,
katika mji ambao
paka hawakupungua.