Mayai Manane

Tulishuka basi saa moja usiku, mwezi wa Machi, mjini Quebec,
mimi na Kokwijuka, na begi moja la magurudumu
ambalo gurudumu lake moja lilibaki Toronto.
Mtoni barafu ilikuwa inateremka vipande vipande
kama ukoko uliobanduliwa sufuriani.
Koku akasema, "Njaa yangu imeshaanza kuongea Kihaya."

Huku hata Kiingereza chetu cha kuungaunga,
kile tulichokitolea jasho miaka sita,
kilikuwa noti ya nchi nyingine:
watu waliitazama, wakaigeuza, wakaturudishia kwa adabu.
"Bonju," tulisema. Bonju tuliiweza.
Ukuta ulianza baada ya bonju.

Na midomo yetu ina masharti.
Mimi nguruwe sili, na mama, Tanga, huniuliza kila Ijumaa.
Koku karanga humuua. Si msemo.
Nilimwona Morogoro, chuoni: kipande cha kashata
hakijafika hata tumboni, macho yameshamezwa na mashavu,
nami nimempakata kwenye pikipiki namwita jina
kana kwamba jina ni dawa.
Tangu siku hiyo kila sahani yake naionja kwanza kwa macho.

Menyu ya kwanza ilibandikwa kiooni. Tuliisoma kama hirizi.
Ya pili, simu ilitutafsiria: "ng'ombe mdogo wa kanisa,"
kisha ikazimika kwa baridi.

Ya tatu, hapakuwa na menyu.
Mgahawa wa meza nne, chini ya ngazi,
na mzee wa aproni, masharubu yana unga.
Koku akatoa kalamu. Huyu ni mwalimu wa chekechea,
hajawahi kushindwa na mnyama.
Akachora nguruwe, mkia umejipinda, akamkata kwa msalaba.
Mzee akaweka mkono kifuani, kama anayempa pole marehemu.
Ameelewa!
Kisha akachora karanga, ganda lake lenye kiuno,
na hapo, kabla ya msalaba, wino ukaisha.
Koku akajishika koo, akatoa ulimi nje.

Mzee akalitazama ganda. Akautazama ulimi.
Akaingia jikoni.

Akarudi na bakuli la mayai ya kuchemsha,
yanafuka mvuke. Manane.
Nikaichukua ile karatasi, nikaigeuza upande wake:
kweli, ilikuwa nane, nane nzuri ya mwalimu.

Koku alianza yeye,
kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa kiganja,
mabega ndiyo yanayocheka.
Lakini yai, jamani, lina ganda.
Ndani yake hajaingia mkono ila wa kuku na wa Mungu.
Sijawahi kukiamini chakula kiasi kile.
Tukamenya. Chumvi. Vikafuata viazi, navyo na maganda yake.

Mzee akavuta kiti, akaanza kusimulia jambo refu,
la huzuni, nadhani, kidole kikielekea mtoni,
nasi tukaitikia "eeh" kila sauti iliposhuka.
Labda mkewe. Labda kaka yake. Labda bei ya viazi.
Koku alidondosha chozi.
Nilimuuliza baadaye alikuwa analilia nini.
"Sijui," alisema, "lakini lilikuwa lake."

Mayai matatu yalibaki. Akayapasha moto tena,
akatutia mifukoni kama bibi anayeficha sadaka.
Nje, digrii kumi na nne chini ya sifuri.
Tukapanda zile ngazi kwenda mji wa juu,
kila mtu na yai lake kiganjani,
kaa la moto lisilounguza,
begi nyuma likichechemea.

Lile la tatu
tulibishana njia nzima ni la nani,
hadi likapoa.