Makoti Kumi na Moja

Nimemshonea makoti kumi na moja.
La kwanza nililikata kutoka pazia la harusi yetu,
maana mwaka ule kitambaa cheupe hakikuonekana Kadutu nzima
ila kwa bei ya mbuzi.
Mimi ni fundi cherehani, magonjwa siyajui.
Ila mifuko naijua.

Mfuko wa kushoto: maharagwe kumi, makavu.
Mfuko wa kulia: mtupu.
Mtoto akipumua mara kumi, Ntakwinja huhamisha punje moja.
Saa yake ilipasuka kioo tangu alipokuwa Bagira,
bado inakata dakika.
Dakika nzima, huniambia akisonga ugali.
Nusu dakika ukaizidisha mara mbili ni hesabu ya mvivu,
na kichanga hapumui kwa kumhurumia mvivu.

Punje nne, mama anarudi nyumbani na maelezo.
Punje sita, kitanda, sindano,
na mtu wa kukimbia kuwasha jenereta.

Kwenye karatasi ya mshahara
(karatasi hufika, mshahara hutafakari)
ameandikwa: msaidizi wa daktari, watoto.
Sokoni wanamwita Dokta.
Yeye husimama, beseni kichwani, anasahihisha.
Nikamwambia, nyamaza, mke wangu,
huenda tukapunguziwa bei ya sambaza.
Akasema: nikikubali kuitwa nisivyo
siku moja nitaona haya kusema sijui.

Daktari mwenyewe huja Jumanne na Ijumaa,
kama mvua haijaangusha kilima barabarani.
Siku tano zilizobaki
ni za Ntakwinja na punje zake.

Nimejifunza kusoma madoa
kama wengine wanavyosoma gazeti.
Zambarau ni dawa ya vidonda vya kinywani, haitoki hata kwa ndimu.
Waridi ni shira ya homa, iliyotemwa.
Lile la kahawia begani, koti la saba,
ni chai ya bibi mmoja aliyemkumbatia na kikombe mkononi
mjukuu wake alipoomba uji.

Mwaka wa bwaki, koti la tano,
tepe za kupimia mikono ya watoto ziliisha kituoni.
Akachukua tepe yangu ya cherehani,
akaitia alama kwa rangi ya kucha ya dada yangu:
sentimita kumi na moja na nusu.
Chini ya hapo, alisema, usiniulize kitu, nipishe.
Ilirudi baada ya miezi minne, imefifia, inanuka maziwa.
Ninayo hadi leo.
Wakiniletea gauni la ubatizo nipime mkono
kidole changu husimama penye alama,
mteja anauliza, fundi, umesahau namba?

Kuna usiku mmoja.
Aliingia, akavua koti, akalala bila kunawa.
Nilipolichukua nilifue
kulia mlikuwa na punje tatu.
Kushoto saba.
Huwa anazirudisha zote kushoto kabla hajaondoka kituoni.
Sikuuliza jina. Niliziweka juu ya meza ya cherehani
jinsi zilivyokuwa, tatu huku, saba kule,
na sikukanyaga pedali mpaka jogoo.
Asubuhi alizitazama, amesimama, uji unapoa.
Akazikusanya zote kumi,
akazitia mfuko wa kushoto,
akateremka mlima.

Juzi wamekuja wasichana watatu anaowafundisha.
Wanataka makoti.
Mifuko miwili, nikasema, najua, ya kina gani?
Ntakwinja akajibu kutoka jikoni:
mkono uingie mpaka kifundo,
umeme ukikatika zisimwagike.
Nikaandika.
Yule mrefu, Bashige, akauliza kwa sauti ndogo
kama ni lazima maharagwe yawe ya rangi fulani.
Kicheko kikatoka jikoni, kisha kifuniko cha sufuria kikaanguka.
Yoyote, mwanangu.
Ila usije na njaa ukayapika.