Tisa na Baki

Ghala la zamani pale Wete, nyuma ya soko,
linanuka karafuu hata likiwa tupu.
Humo Shaame alitandika mbao
alizozinunua kwa hoteli iliyofilisika Unguja.
Zilikuja kwa meli, kisha kwa lori toka Mkoani,
mbili zikapinda njiani; ukitupa kushoto
tufe hukumbuka safari.

Vigingi kumi. Mashine ya kuvipanga haikuja.
Chumu, mtoto wa jirani, hukaa juu ya gunia kule mwisho,
anavisimamisha kwa mkono,
na kila kikianguka anakitukana kwa jina.

Mimi ni mchukuzi wa bandarini. Bega hili
limeinua magunia ambayo wewe ungeyazunguka.
Tufe langu halibiringiki, linakwenda na shari:
vyote kumi chini, Chumu kaziba masikio,
vijana mlangoni wanapiga benchi kwa viganja.
Nani asipende hivyo?
Vikibaki viwili nilivitupia ovyo,
kama mtu anayemjibu mtoto.
Aghalabu nilivikosa. Sikujali.
Mbele kulikuwa na mkupuo mwingine.

Jumanne moja baada ya isha akaja Bi Kazija,
karani wa mizani kituo cha karafuu,
miwani imefungwa uzi, viatu kavua, soksi kabaki nazo.
Tufe lake jepesi, la zambarau, la watoto.
Akalitupa kama anayesukuma mlango wa chumba
alimolala mgonjwa.
Tisa.
Kikabaki kile cha pembeni kulia, cha kumi,
ninachokilaani huu mwaka wa pili.
Akasogea kushoto mpaka ukingoni, akakitazama mshazari
kama anavyotazama sindano ya mizani mpaka itulie,
akakitoa.

Tisa na baki. Tisa na baki.
Hakuna aliyepiga benchi. Wawili walitoka kununua urojo.
Mimi mkupuo, halafu nane, viwili nikaviacha;
mkupuo, halafu nane, viwili nikaviacha.
Umeme ukakatika, jenereta likakohoa, tukamaliza.
Shaame akajumlisha kwa chaki sakafuni,
akafuta, akajumlisha tena.
Mimi mia na thelathini.
Yeye mia na tisini.

"Mkupuo hulipwa na mitupo miwili inayoufuata," akaniambia.
"Wako wa kwanza ulileta nane,
wa pili ulikuja mikono mitupu.
Hata makonyo, Faki, tunayapima.
Anayeyatupa jaani namwona tajiri,
mpaka mwezi wa njaa anapokuja kukopa."

Nikanyamaza. Nilistahili.
Lakini hakuondoka. Alisimama akiitazama ile chaki.
"Hilo ndilo dari langu," akasema chini kwa chini.
"Mchana nacheza peke yangu, ghala likiwa halina mtu.
Sijawahi kulivuka.
Niambie, vyote kumi kwa pamoja,
mkononi husikika vipi?"

Nikamwambia: kama gunia linapokaa begani sawasawa
na uzito ukapotea.
Akatikisa kichwa. Miaka ishirini anapima magunia,
hajabeba hata moja.

Sasa Jumanne zetu ziko hivi.
Chumu ananisimamishia kigingi kimoja, cha kumi,
mara hamsini, nami najifunza kulinyamazisha bega.
Wiki jana nilikitoa mara thelathini na tatu.
Wiki hii thelathini na moja.
Naye kalichukua tufe langu jeusi,
anarudi nyuma hadi mlangoni,
anakimbia (Bi Kazija anakimbia!)
na leo limemponyoka, likaingia mferejini,
likavipita vigingi vyote bila kugusa hata kimoja,
likamrusha Chumu juu ya gunia lake.

Sufuri.
Akageuka, miwani inaning'inia sikio moja,
anacheka mpaka kashika ukuta.
"Iandike," akamwambia Shaame.
"Iandike kubwa."