Ubawa wa Sita

Tuliondoka Kibirizi kungali giza:
magunia thelathini ya chumvi ya Uvinza,
mama Evelina na cherehani yake imefungwa kwa kanga,
kuku wawili wasio na mwenyewe,
na mimi, fundi, nimebebwa bure
kwa heshima ya kazi ya mwezi jana.

Mkabala na Mtanga mshale ukapanda.
Tisini. Tisini na tano.
Nahodha Ruhwanya akaugonga kioo kwa ukucha
kama mtu anayebisha kwa mdaiwa.
Nikainama nyuma, nikatazama bomba:
moshi mkavu, unakohoa,
na maji yanayotemwa pamoja nao, hakuna.

"Zima."

Kimya kikatua kama gunia.
Chini yetu maji ambayo hakuna kamba Kigoma nzima ya kuyapima,
kushoto maji hadi Kongo,
na chuma kinakufa kwa kiu.

Obedi akapandisha tanga.
Tanga gani, turubai la kufunikia chumvi,
lenye nembo ya wakimbizi iliyofutika nusu.
Likashika upepo shingo upande,
likatuvuta taratibu, mbali na mawe.

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa na moto.
Hilo nililisoma kwa mkono wa kushoto; kovu lipo.
Kwa hiyo nikakaa.
"Unangoja nini?" mama Evelina.
"Hasira zake zishuke."
Akanikatia nusu ya chungwa.

Kisha nikaanza kule maji yanakoingilia.
Koki: wazi.
Chujio: jani moja, gamba la konokono, basi.
Mkanda nikaubonyeza kwa dole gumba, umekaza sawasawa.
Pampu ina skrubu sita; ya tano imeliwa kichwa,
nikaing'oa kwa koleo na maneno ambayo mama Evelina
alijifanya hakuyasikia.
Ndani, gurudumu la mpira. Jipya.
Mbawa sita, zote zimesimama,
zinang'aa kama mgebuka wa asubuhi.
Nililifunga mimi, kwa mikono hii.

Hapo baridi ikanipita katikati ya joto lile.
Lile la zamani lilikuwaje?
Nililitoa limechakaa, nikalitupa kwenye ndoo pale mwaloni,
nikapokea elfu ishirini yangu, nikawahi kitchen party.
Lilibaki na mbawa tano? Nne?
Sikuhesabu.
Na kilichokatika hakipotei, kinasafiri.
Kinakwenda na maji hadi njia inapobana,
kinajilaza hapo, kinakaribisha wageni:
kutu, mwani, mchanga,
siku baada ya siku, hadi mlango unafungwa.

Nikafungua kiwiko cha bomba.
VETA walivicheka vidole vyangu,
wakasema hivi ni vya kusukia nywele.
Nikaingiza cha mwisho, nikakipinda,
nikagusa kitu laini.
Kipande cheusi cha mpira, hakizidi ukucha.
Ubawa mmoja.
Nikaufumba kiganjani.

"Umepata nini?"
Ningeweza kusema mwani.
Ningeweza kulisingizia ziwa; ziwa halina wakili.
Kuku mmoja alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni.
"Kosa langu," nikasema, nikafumbua mkono.

Ruhwanya akauchukua, akaunusa,
akautia mfuko wa shati, akafunga na kifungo.
Hakutia neno.
Hadi leo sijui aliupeleka wapi.

Injini ikakubali mara ya tatu.
Bomba likatema kutu, likatema tena kutu,
kisha maji, meupe, mengi, yenye kelele.
Mshale ukatulia sabini na nane.
Obedi akakunja turubai, akairudishia chumvi nguo yake.

Kagunga tulifika saa nane.
Kurudi, nilikata tiketi.