Toa Sita, Toa Tatu

Nyamizi aliandika kumi na moja.
Juma lake la kwanza Kijitonyama, ghorofa ya tatu,
kwenye chumba chenye baridi kuliko Makete,
sisi ndani ya makoti na nje watu wanajipepea kwa magazeti.
Alizivika seva lebo, moja baada ya moja,
kama mama anayeshona majina kwenye sare za shule:
ripoti, kila siku. saa, 11.
Alimaanisha alfajiri,
kabla muuza uji wa Sayansi hajawasha jiko.

Mashine haikumwelewa.
Mashine haikulelewa na jua letu.
Huhesabu siku kuanzia usiku wa manane,
tena usiku wa manane wa kule Greenwich.
Ripoti ikaingia saa nane mchana
tukiwa na ubwabwa na maharage mdomoni,
ikatuarifu, kwa adabu zake zote,
kwamba diski ya duka la dawa la Kariakoo
imejaa tangu jana usiku.
Tulikwishajua.
Foleni ya wagonjwa ilitangulia kutuambia,
na mwenye duka, Bwana Mkwizu, kwa simu,
kwa maneno ambayo hayana lebo.

Sikumgombeza. Nilichukua kalamu ya ubao.
Kumi na moja toa sita: saa ya ukutani.
Tano toa tatu: saa ya seva.
Andika mbili.
Akaitazama ile mbili
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Kwa hiyo alfajiri yangu yote," akasema,
"imebaki mbili?"

Tangu siku hiyo haijachelewa.
Umeme ukatike, jenereta ikohoe hadi ishike,
saa kumi na moja simu yangu hutetemeka juu ya stuli:
Arobaini na moja, nzuri.
Moja, nzuri, ila
na baada ya ila ndipo yaanze matatizo.
Nyamizi ndiye aliyeipanga iseme hivyo.
Mashine ilitaka kuanza na neno KOSA, kwa herufi kubwa.
Alikataa. Mtu haanzi na msiba, alisema,
hata wodini ukiulizwa habari
unajibu nzuri kwanza,
ndipo uonyeshe bandeji.

Jana nikaingia kuzihesabu kwa kidole.
Sijui kwa nini. Labda usingizi ulinipaa.
Arobaini na mbili ndizo zinazotuandikia.
Kidole kikafika arobaini na tatu.

Iko chini kabisa, nyuma ya nyaya,
taa yake ya kijani inapepesa taratibu.
Haina lebo. Hakuna orodha inayoitaja.
Miaka yote hiyo inamfanyia nani kazi,
na nani aliwahi kuiuliza imeamkaje?

Sikuivika kitu. Sikuizima.
Nilikaa sakafuni na koti langu,
nikaipangusa vumbi kwa mkono wa shati,
na kwa kuwa ilionekana kunizidi umri kazini,
nikaiamkia:
shikamoo.