Robo ya Robo

Mei, na theluji bado imejibanza nyuma ya banda,
imepakwa majivu ya sauna.
Ensio ameketi juu ya ndoo ya rangi,
koti mpaka kidevuni, mikono kaificha mapajani
nisione inavyotetemeka.
Naiona.

Pikipiki ni yake tangu mwaka wa sabini na nane.
Silinda mbili, kabureta mbili,
na kila moja ina nongwa na mwenzake:
ya kushoto inavuta, ya kulia inakokotwa.
Ikisimama kwenye taa za Oulu vioo hutikisika
hadi kila gari la nyuma likawa pacha.

Zamani aliisawazisha kwa sikio:
ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni,
macho kayafumba kama anayenong'onezwa siri.
Kiwanda cha karatasi kikamla sikio moja.
Ugonjwa ukaja kudai vidole.
Limebaki sikio la pili, na mimi dada mtu,
mshona mapazia wa miaka thelathini.

Nimekata mita nne za mpira mwangavu,
nimeukunja, nimeupigilia kwenye ubao,
nikatia mafuta mekundu ya msumeno, kina cha shibiri.
Ncha hii kabureta hii, ncha ile kabureta ile.
"Ipate moto kwanza," asema.
"Injini baridi ni shahidi wa uongo."

Tunangoja. Feni ya jikoni inaipuliza.
Dakika kumi, hatuna la kuambiana;
ndivyo tulivyo tangu nyumba ya mama iuzwe,
fedha zikakatwa katikati,
na kila mmoja akaona mwenzake kapata kokwa
yeye kaachiwa ganda.

Mara mafuta yanapanda kushoto,
yanapanda, yanapanda —
"Zima!"
Nachelewa. Kabureta imepiga funda zima.
Banda linajaa moshi mweupe, mzito, wa kunata,
na Pirkko wa jirani anafungua dirisha
anatuita majina yasiyotajwa kanisani.
Ensio anacheka hadi mikono inamtoka mapajani,
inajichezea hewani, naye haihangaikii.

Natia mafuta upya.
Ile skrubu ndogo ya katikati, yenye springi:
robo ya robo ya mzunguko.
Nikikaza yanashuka, nikilegeza yanapanda,
nikivuta mafuta kidogo na kuachia
yanatulia mahali pengine kabisa, kwa inda tu.
"Rudi kidogo."
"Nimerudi."
"Umerudi mno."
Kama watu wawili na kabati moja
kwenye ngazi nyembamba.

Saa nne usiku, jua bado liko dirishani.
Mistari miwili myekundu imepishana
unene wa kucha.
Nataka kuendelea. Ananishika kiwiko,
na sijui tena mtetemo upi ni wa injini.
"Iache," asema. "Tofauti hiyo ni yake."

Nazima. Kimya kinatuvamia.
Anautazama ubao, anainama, anautazama tena.
"Huu naujua."
"Wa kitanda cha mama."
"Nilidhani uliuchoma."

Namkabidhi na mpira wake na vyote.
Anaupokea kwa mikono miwili,
na mle mrijani mafuta yanaanza tena
kupanda huku, kushuka kule.