Mshale Umelala

Wenzangu hupeleka gereji gari linalochemka.
Mimi nilifika Uyole na linaloona baridi.

Fundi Anyosisye alicheka mpaka akaegemea boneti.
Linachemka? Halichemki.
Linavuja? Halivuji.
Sasa unaumwa nini, dereva?

Ninaumwa mshale.
Umelala chini kabisa tangu Tukuyu,
kama mgonjwa aliyeugeukia ukuta.
Nikipanda Isongole na mikungu ya ndizi nyuma
unajiinua kidogo, unachungulia.
Nikianza kuteremkia Igawilo
unajifunika tena.
Hita inapuliza pumzi ya jokofu.
Mafuta linakunywa kama limealikwa.

Ilikuwa Julai. Sakitu ilikuwa bado juu ya nyasi,
na spana zilikuwa baridi kiasi cha kung'ata.
Anyosisye hakuzigusa.
"Kwanza tumjue mwongo," akasema,
"geji, au injini yenyewe. Washa."
Akaweka kiganja juu ya paipu ya juu ya rejeta,
akafumba macho.

Nilidhani anasali.

"Hii ingetakiwa ikae baridi,
ikae baridi,
ikae baridi,
halafu ghafla ikuchome.
Maji huzuiliwa ndani kwanza, yaive.
Yako yana uvuguvugu toka mwanzo.
Hapa mlangoni hakuna anayemuuliza mtu aendako."

Basi geji ilikuwa mkweli.
Wiki tatu nimeilaumu,
mara mbili nimeipiga kofi.

Boliti ya kwanza ilikubali.
Ya pili ilitukanwa kwa Kinyakyusa, ikakubali.
Tukachungulia.

Tundu la duara. Kutu.
Maji yenye rangi ya chai iliyosahauliwa.
Thamostati haikuwa imekwama,
wala haikuwa imevunjika.
Haikuwepo.

"Gari umenunua wapi?"
Kyela.
Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa shemeji yake.

Kule, gari likichemka, fundi anakitoa hicho kidude,
anakirusha kwenye majaruba ya mpunga.
Gari linapoa. Mwenye gari anashukuru, analipa.
Rejeta iliyoziba inabaki imeziba.
Hiyo ndiyo dawa niliyouziwa pamoja na gari,
nikapanda nayo mlima,
ikageuka ugonjwa njiani, sijui kona ipi.

Kijana akatumwa Mwanjelwa kwa bodaboda,
akarudi na thamostati ndani ya gazeti:
elfu kumi na nane, iliyokwishatumika.
"Sifungi kitu nisichokijua," akasema Anyosisye,
akaenda kuazima sufuria ya Mama Sekela.

"Hiyo ya uji!"
"Dakika tano tu, mama."
"Hiyo ya UJI!"

Akaining'iniza kwa waya, isiguse chini.
Tukachuchumaa, mimi, yeye, kijana wa bodaboda,
na mtoto mmoja aliyetakiwa kuwa shuleni.
Maji yakaanza kunong'ona.
Kidude kimya.
Mapovu madogo pembeni.
Kimya.
Nikaanza kuihesabu ile elfu kumi na nane upya.

Halafu, bila mlio wowote,
kikafunguka:
upana wa unywele,
upana wa ukucha wa kidole cha mwisho.
Kilipotolewa kwenye upepo wa Uyole
kikajifunga polepole.
Mama Sekela, ambaye alikuwa hajaacha kununa,
akainama.
"Ee. Kumbe kinapumua."

Nililipa kidude, nikalipa mkono wa fundi,
nikalipa vikombe vitatu vya uji nisivyoviomba,
maana sufuria nayo, nikaambiwa, ina nauli yake.

Saa sita nilikuwa barabarani.
Mshale ulipanda taratibu,
ukafika katikati, ukatulia hapo
kama mtu aliyepata kiti.
Vidole vyangu vikakumbuka kwamba ni vyangu.

Na rejeta? nilikuwa nimemuuliza, mguu mmoja tayari ndani.
Anyosisye alikuwa anapangusa mikono kwa lile gazeti.
"Hiyo," akasema,
"itajisema yenyewe siku utakaposhuka Kyela."